Honda CB750 na Suzuki GSX-R750: Ipi ilituachia urithi mkubwa zaidi?

*Zote ni za 750 cc, zote zimezaliwa Japani, na kati yake kuna miaka 16. Moja iliwapa watu wa kawaida kilichokuwa cha mabingwa. Nyingine iliileta pikipiki ya mashindano hadi barabarani. Makala hii inazipima kwa nguvu, kwa uzito na kwa faida iliyowafikia waendeshaji ambao hawakuwahi kuzigusa.*

DAYTONA, Florida, Machi 1970. Dick Mann, Mmarekani wa miaka 35, anaongoza mbio za maili 200 akiwa juu ya Honda. Wenzake watatu waliopangwa na timu ya Uingereza, wenye Honda kama yake, wameshatoka mashindanoni. Nyuma yake Gene Romero anamfukuza na Triumph, na injini ya Mann imeanza kuchoka.

Tatizo lilikuwa dogo kwa umbo na kubwa kwa madhara. Ndani ya injini kulikuwa na cheni inayozungusha kamshafti, na mpira wa kikaza cheni hiyo ulikuwa ukilika kwa mwendo mkali. Mann akapunguza kasi kadiri alivyoweza, akailea mashine yake mizunguko ya mwisho, akavuka mstari akiwa wa kwanza. Wastani wa mwendo wake ulikuwa maili 102 na ushei kwa saa, sawa na kilomita 165.

Mashine ile ilijengwa kutokana na Honda CB750, pikipiki ambayo mwalimu au karani wa Marekani angeweza kuinunua dukani kwa dola 1,495.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1988, mbio hizohizo zilichukuliwa na Kevin Schwantz. Yeye alipanda Suzuki GSX-R750, nayo ilikuwa na nasaba dukani. Ukubwa wa injini ulikuwa uleule, lakini dhamira ya waliozitengeneza ilikuwa tofauti kabisa.

Ndiyo maana wapenzi wa pikipiki hawajaacha kubishana. Kati ya hizi mbili, ipi inastahili kuitwa pikipiki ya michezo iliyobadilisha dunia?

Enzi ya Waingereza

Kabla ya 1969, aliyetaka pikipiki kubwa ya kasi alikwenda kwa Waingereza: Triumph, BSA au Norton. Nyingi zilikuwa na silinda mbili. Zilikuwa nzuri kwa macho na tamu kuziendesha, lakini zilitetemesha mikono, zilivuja oili, na ziliwashwa kwa kiki.

Wajapani walichukuliwa kama wauzaji wa pikipiki ndogo. Honda, kampuni iliyoanzishwa Hamamatsu mwaka 1948, ilikuwa imepata jina kwa Super Cub ya 1958, chombo cha kupelekea bidhaa na kwendea kazini.

Hata hivyo, viwanjani Honda ilikuwa imeshakomaa. Iliingia mashindano ya kisiwa cha Man mwaka 1959, na kufikia 1967, ilipojitoa kwenye mashindano ya dunia, ilikuwa na elimu ya injini za silinda nyingi ambayo wachache walikuwa nayo. Swali lilikuwa elimu hiyo ipelekwe wapi.

Jibu lilitoka Marekani. Wafanyabiashara wa huko walimweleza mhandisi Yoshiro Harada kwamba CB450, Honda kubwa ya wakati ule, haikuwatosha wateja wao. Walitaka nguvu zaidi. Harley-Davidson ya 1300 cc ilikuwa na nguvu za farasi 66. Honda ikajiwekea lengo la 67.

Waingereza nao hawakulala. Mwaka 1968 walitoa Triumph Trident na BSA Rocket 3, zenye silinda tatu na nguvu za farasi 58. Zilikimbia kweli. Lakini bado zilikuwa na breki za ngoma, na bado mwenye nazo alipaswa kuzipiga kiki.

Breki iliyoamua mambo

CB750 ilionyeshwa Tokyo Oktoba 1968. Ilikuwa na silinda nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu, gia tano, starta ya umeme, na mbele ilikuwa na breki ya diski inayosukumwa kwa mafuta ya breki.

Hadi muda mfupi kabla ya maonyesho, Harada alikuwa na mipango miwili mezani: mmoja wa breki ya ngoma, ambayo ilishazoeleka, na mwingine wa diski, ambayo ilihitaji kazi zaidi kabla ya kuuzwa. Alipompelekea Soichiro Honda suala hilo, mzee hakusita. Alichagua diski. Hivyo CB750 ikawa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na breki hiyo mbele.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko zile nguvu za farasi 67. Breki ya ngoma ikitumika mfululizo kwenye mwendo mkali hupata moto ndani ya ganda lake na kupoteza nguvu. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Pikipiki inayokaribia kilomita 200 kwa saa ilihitaji breki ambayo dereva angeikuta ileile kwenye mteremko wa mwisho kama alivyoiacha kwenye mteremko wa kwanza.

> Honda haikubuni silinda nne wala starta ya umeme. Ilichofanya ni kuviweka vyote kwenye pikipiki moja ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuinunua.

Ukiisogelea CB750 ya mwaka wa kwanza, unaona kazi ya watu waliokuwa wakikimbizana na muda. Ekzosi ziko nne, mbili kila upande. Oili haikai yote chini ya injini. Ina tangi lake upande wa kulia, chini ya kava. Kamba ya mafuta inayotoka kwenye mkono wa kulia inagawanyika na kuwa nne, kila moja ikivuta kabureta yake. Zikipishana kidogo tu, silinda zinaanza kuvutana na injini inakosa utulivu pikipiki ikiwa imesimama. Toleo lililofuata liliziondoa kamba hizo nne, likaunganisha kabureta zote kwa chuma kimoja.

Honda yenyewe haikutegemea mwitikio ulioupata. Ilipanga kuuza pikipiki 1,500 kwa mwaka. Idadi hiyo ikageuka kuwa ya mwezi, kisha ikafika 3,000 kwa mwezi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, CB750 za injini ile ya kwanza zilizouzwa zilizidi 400,000.

Kasoro zilikuwepo. Bila mafuta wala oili ilikuwa na kilo 218, na kwenye kona kali fremu yake ya chuma ililalamika. Za mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa cheni ya gurudumu la nyuma: ilipokatika, iliweza kupasua kasha la injini. Lakini zilikimbia mfululizo, ziliwaka asubuhi kwa kubonyeza kitufe, na hazikuacha dimbwi la oili sakafuni. Mwenye duka la BSA hakuwa na jibu la hayo. Miaka michache baadaye, mwaka 1973, kiwanda cha BSA kilichokuwa fahari ya Birmingham kilikuwa kimefilisika na mabaki yake kuunganishwa na wengine.

Mizani ya Etsuo Yokouchi

Baada ya Honda kufungua njia, kila kiwanda cha Japani kilikimbilia nguvu. Kawasaki ilileta Z1 ya 903 cc mwaka 1972, ikiwa na farasi 82. Nguvu zikapanda mwaka hadi mwaka, na uzito nao ukapanda. Fremu hazikuwa zimekua kwa kasi ya injini, na madereva walizijua pikipiki hizo kwa kuyumba kwake kwenye mwendo mkali.

Kule Hamamatsu, mji uleule ilikoanzishwa Honda, Suzuki ilikuwa na mhandisi aliyeitwa Etsuo Yokouchi. Yeye alilitazama tatizo kutoka upande wa pili. Badala ya kuuliza waongeze farasi wangapi, aliuliza waondoe kilo ngapi. Wembamba wa reli, treni inapita.

Kanuni za mashindano zilimpa sababu. Kuanzia 1984, daraja la juu la mbio za pikipiki zenye asili ya barabarani, zikiwemo mbio ndefu za saa 24, lilishushwa kutoka 1000 cc hadi 750 cc. Suzuki, iliyokuwa bingwa wa dunia wa mbio hizo ndefu mwaka 1983, ilihitaji pikipiki mpya ya 750.

Kupoza injini kwa maji kungemsaidia kupata nguvu, lakini maji yana uzito, na rejeta, pampu na mipira yake vina uzito. Yokouchi akaitumia oili. Ilimwagwa kwa vijito vidogo chini ya vichwa vya pistoni na juu ya vyumba vya kuchomea mafuta, sehemu zinazopata moto kuliko zote, kisha ikarudi mbele kwenye rejeta yake ikapigwa na upepo. Wazo hilo lilitokana na ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo oili moja ikafanya kazi mbili: kulainisha na kupoza.

Fremu nayo ikaachana na chuma, ikatengenezwa kwa alumini ya mabomba ya mraba. Fremu tupu ilikuwa na kilo 8 na kidogo. Mtu mzima angeweza kuishika kwa mkono mmoja.

GSX-R750 ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1984, na kuingia sokoni 1985. Ilikuwa na taa mbili za mviringo mbele kama pikipiki za mbio za usiku, na plastiki za kukata upepo zilizoifunika hadi tumboni. Mishikio yake iliwekwa chini kiasi kwamba dereva alilala juu ya tangi. Mwaka huohuo Mick Grant alishinda nayo kisiwani Man, katika mbio za pikipiki zinazouzwa madukani.

KWA TAKWIMU

*Honda CB750 (1969)*
- Injini: silinda 4, cc 736, hupozwa kwa upepo
- Nguvu: farasi 67 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika
- Uzito bila mafuta na oili: kilo 218
- Breki ya mbele: diski moja

*Suzuki GSX-R750 (1985)*
- Injini: silinda 4, cc 749, hupozwa kwa upepo na oili
- Nguvu: takriban farasi 100 kwenye mizunguko 10,500 kwa dakika
- Uzito bila mafuta na oili: kilo 176
- Breki za mbele: diski mbili

Tofauti ya kilo 42

Tofauti ya uzito ni kilo 42, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Gawanya uzito kwa nguvu na picha inakuwa wazi. Kwenye Honda, kila farasi mmoja alibeba kilo 3 na robo. Kwenye Suzuki, alibeba chini ya kilo 1.8.

Siri nyingine iko ndani ya silinda. Pistoni ya CB750 ina kipenyo cha milimita 61 na husafiri milimita 63 kwenda juu na kushuka. Ya GSX-R ina kipenyo cha milimita 70 lakini husafiri milimita 48.7 tu. Safari fupi huiwezesha pistoni kwenda na kurudi mara nyingi zaidi kwa dakika bila kuvunjika. Huko ndiko nguvu za Suzuki zilikotoka: kwenye mzunguko wa juu, pale sindano inapokaribia nyekundu.

Maana yake barabarani ni kubwa. CB750 huvuta kuanzia chini. Unaweza kubaki gia moja mjini, ukapita malori bila kuhangaika, ukafika safari ndefu mgongo ukiwa mzima. GSX-R humtaka dereva abadili gia kila wakati, aishike injini juu, aegemee viganja vyake. Inalipa, lakini kwa anayejua kuidai.

Na hata anayejua alitakiwa kuwa macho. Pikipiki za mwaka wa kwanza zilionekana kukosa utulivu kwenye mwendo mkali. Mwaka 1986 Suzuki ilirefusha mkono unaoshika gurudumu la nyuma kwa milimita 25, na pikipiki ikatulia.

> CB750 ilimchukua dereva kama alivyo. GSX-R750 ilimtaka dereva apande hadi ilipo.

Mashtaka ya 1987

Mjadala kuhusu pikipiki za aina ya GSX-R haukubaki kwenye mazungumzo ya gereji. Mwaka 1987 taasisi ya kampuni za bima nchini Marekani ilitoa ripoti iliyozishutumu pikipiki zenye umbo la mashindano kwamba zinaua vijana. Seneta John Danforth wa Missouri akapeleka muswada wa kuzizuia.

Hoja ya upande huo haikuwa ya kupuuzwa. Chombo kilichobuniwa kwa uwanja usio na watoto, mbwa wala makutano kimeuzwa kwa mtu wa miaka 20 mwenye leseni ileile ya pikipiki ndogo. Matangazo yanamwonyesha bingwa, naye anatoka dukani akiamini amenunua ubingwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja nzito. Pikipiki nyepesi yenye diski mbili husimama mapema na hukwepa upesi kuliko nzito. Wakauliza kwa nini iadhibiwe mashine inayomtii dereva zaidi, badala ya kumfundisha dereva. Muswada haukuwa sheria.

Japani ilichukua njia yake. Viwanda vilikubaliana kutouza nyumbani pikipiki inayozidi 750 cc, na GSX-R iliyouzwa huko ilipunguzwa hadi farasi 77. Tangu 1975, aliyetaka kuendesha zaidi ya 400 cc alilazimika kufaulu mtihani mgumu uliowaangusha wengi. Huko hawakuipiga marufuku mashine. Walimpima mtu kwanza.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yenye mashiko. Kosa halikuwa la Yokouchi kutengeneza pikipiki nyepesi. Kosa lilikuwa la wale walioiuza kama fulana.

Zinavyopotea

Leo pikipiki zote mbili zinawindwa na wakusanyaji. CB750 za mwanzo kabisa, zinazotambulika kwa uso wa kukwaruza wa kasha la injini, ndizo ghali zaidi. Mwaka 2018 moja ya zile zilizotengenezwa kabla ya uzalishaji kuanza iliuzwa kwa mnada Uingereza kwa zaidi ya pauni 160,000.

Kupatikana kwake katika hali ya asili ni shida. Miaka ya 1970 maelfu ya CB750 yalikatwa fremu, yakarefushwa uma za mbele na kugeuzwa pikipiki za madoido. Ekzosi nne zilitupwa na moja ikafungwa mahali pake. Anayeirudisha leo anaweza kutumia fedha nyingi kutafuta ekzosi za asili kuliko alizonunulia pikipiki yenyewe.

GSX-R zilipotea kwa njia nyingine. Ziliangushwa. Zile zilizopelekwa viwanjani zilivunjwa plastiki, zikavuliwa taa, injini zikatanuliwa. Fremu ya alumini ikipinda, wengi huitupa kuliko kuinyoosha.

Zinapopotea, tunapoteza ushahidi wa namna watu walivyofikiri. Mchoro hauwezi kukueleza fremu ya kilo 8 inavyohisi mkononi, wala tofauti ya diski ya kwanza na ngoma iliyoitangulia. Wenye nazo wana wajibu wa kuziacha na vipuri vyake vya asili, na wa kuziendesha, maana injini isiyowashwa huoza kwa ndani.

Mizani inapoelemea

Kwa dereva mahiri, kwa siku moja kwenye uwanja mzuri, GSX-R750 inaishinda CB750 katika kila kona na kila sekunde. Hilo halina mjadala. Na mchango wake haukuishia hapo. Honda yenyewe ilipotoa Fireblade mwaka 1992, pikipiki ya 893 cc yenye kilo 185, ilikuwa ikifuata imani ya Yokouchi: ondoa kilo kwanza.

Lakini tukipima urithi, naipa ushindi CB750. Manufaa ya GSX-R yaliwafikia zaidi wanaotafuta kasi. Manufaa ya CB750 yaliwafikia hata wasioijua kwa jina. Kitufe cha kuwashia, injini isiyovuja, breki isiyochoka: mambo hayo yaliacha kuwa anasa siku ile Honda ilipoyauza kwa bei ya mfanyakazi. Baada ya hapo hakuna kiwanda kilichoweza kumwambia mteja wake kwamba hayawezekani.

Suala hili linatugusa hata sisi ambao barabara zetu zina pikipiki nyingi zaidi za 100 hadi 150 cc kuliko hizi za 750. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anabonyeza kitufe na injini inawaka. Sehemu hiyo ya urithi wa 1969 imemfikia. Breki ya diski bado haijamfikia kila mmoja: pikipiki nyingi zinazobeba abiria wetu, wakati mwingine wawili, na mizigo juu yao, zingali na ngoma mbele.

Soichiro Honda alipowekewa mezani breki rahisi na breki bora, alichagua bora, na pikipiki ikauzwa kwa maelfu. Wanaotuuzia pikipiki leo wana uamuzi uleule mbele yao, na diski si teknolojia ngeni tena. Wanunuzi, vyama vya bodaboda na wanaopitisha viwango wana haki ya kuidai, kwa sababu ilishathibitishwa zaidi ya nusu karne iliyopita kwamba breki nzuri inaweza kuwa ya mtu wa kawaida.